Anayebaki Timu Ikishuka Daraja

Robo ya tatu ilikuwa inaelekea ukingoni, nasi tukiwa nyuma kwa mabao matatu kwa moja, wakati mzee aliyeketi safu ya mbele yangu katika uwanja wa City Park alipoinuka, akakunja gazeti lake na kuanza kushuka ngazi. Namfahamu kwa sura tu. Watazamaji wa mpira wa magongo hapa Nairobi ni wachache kiasi kwamba baada ya msimu mmoja kila sura huwa imezoeleka. Nilimwomba asubiri kidogo.

"Mzee, bado robo nzima. Tunaweza kusawazisha."

Alinitazama kwa upole. "Wewe kaa, kijana. Timu yangu mimi ilimaliza kucheza mwaka 1972. Hii ni yenu."

Kisha akaenda zake taratibu, akijishikiza ukutani kwa mkono.

Hatukusawazisha. Tulifungwa bao la nne kupitia kona fupi, lile pigo la adhabu karibu na lango, mwamuzi akapuliza kipenga cha mwisho, na wachezaji wa mechi iliyofuata wakaingia uwanjani kabla wetu hawajamaliza kukusanya chupa zao za maji. Hata hivyo, si mabao yaliyonifuata nyumbani. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiyarudia maneno ya mzee yule kwenye matatu, kazini na usiku kabla ya kulala, na kila nikiyarudia naona kwamba hayakuwa ya mtu aliyekasirishwa na matokeo. Yalikuwa maneno ya mtu aliyekwisha kuamua timu ni nini.

Mimi sikuwa nimewahi kuamua.

Klabu yangu sitaitaja kwa jina hapa. Ni klabu ndogo, na kuitaja ni sawa na kuwataja watu mmoja mmoja. Itoshe kusema kwamba ni ya wanaume, ni ya mtaa na wala si ya kampuni au chuo, imewahi kucheza Ligi Kuu, na sasa iko daraja la chini yake.

Timu ya mzee

Timu aliyoizungumzia haikuwa klabu yoyote. Alikuwa akiizungumzia timu ya taifa iliyokwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne mwaka 1956, ikamaliza katika nafasi ya sita Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la magongo mjini Barcelona, ikafika nusu fainali. Huko ilifungwa na wenyeji, Uhispania, bao moja kwa bila. Katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu ikafungwa na India mabao mawili kwa moja, tena baada ya muda wa ziada. Nafasi ya nne duniani! Soka yetu, pamoja na kelele zake zote, haijawahi kufika hata kwenye mlango wa Kombe la Dunia.

Wachezaji wa timu ile walikuwa, kwa sehemu kubwa, Wakenya wenye asili ya Punjab na Goa, waliolelewa katika vilabu kama Sikh Union na Goan Gymkhana. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni beki Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Rome mwaka 1960 hadi Munich mwaka 1972, na katika tatu za mwisho akiwa nahodha. Munich ndiko timu ya mzee ilikokomea. Miaka minne baadaye Kenya ilisusia Michezo ya Montreal pamoja na mataifa mengine ya Afrika, kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini, na mwaka 1980 ikasusia tena ile ya Moscow.

Lakini nadhani kwake timu ilikuwa imeanza kuisha hata kabla ya Munich. Kuanzia mwaka 1967 na 1968, sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara hapa nyumbani, pamoja na hofu kwamba Uingereza inafunga mlango wake, ziliwafanya maelfu ya Waasia wa Kenya kufungasha. Wachezaji wa magongo hawakuondoka kama timu. Waliondoka kama familia, moja leo na nyingine mwezi ujao, na pamoja nao wakaondoka wajomba waliofundisha watoto siku za Jumapili, shangazi waliopika chakula cha mashindano, na wavulana ambao wangekuwa mabeki wa mwaka 1980.

Timu inaposhindwa, shabiki huwa na la kusubiri, kwa sababu msimu mwingine unakuja. Timu inapohama nchi, atasubiri nini?

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Kwa mzee yule, timu ni watu. Watu wakishaondoka, kinachobaki ni jezi iliyovaliwa na wengine, na yeye haoni sababu ya kujifanya kwamba anawajua.

Nyasi

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa enzi zile hulisahau wanapotulinganisha na timu yao, nami nalitaja kwa sababu nimechoka kusikia kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo.

Olimpiki ya Montreal, ambayo hatukwenda, ndiyo ya kwanza ambayo magongo yalichezwa juu ya nyasi bandia. India, iliyokuwa na medali nyingi za dhahabu kuliko nchi nyingine yoyote katika mchezo huu, ilimaliza ya saba. Mchezo ulikuwa umegeuka. Juu ya nyasi za kawaida mpira hurukaruka, na mchezaji mwenye kifundo chepesi cha mkono humshinda mwenye mbio. Juu ya nyasi bandia zilizomwagiwa maji mpira huteleza moja kwa moja, kwa kasi, na anayeshinda ni yule mwenye mapafu, aliyefanya mazoezi juu ya uwanja wa aina ile ile mwaka mzima. Nchi tajiri zilitandika viwanja vingi. Sisi kwa miaka mingi tuliutegemea uwanja wa City Park.

Na City Park ilipopata nafasi ilizaa matunda. Mwaka 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, Kenya ikatwaa dhahabu ya magongo, na mwaka uliofuata ikaenda Seoul. Hiyo ndiyo Olimpiki ya mwisho ambayo magongo ya Kenya yameiona. Afrika Kusini iliporejea katika michezo ya kimataifa mapema miaka ya 1990, njia ya kuliwakilisha bara ikawa nyembamba zaidi.

Klabu yetu hufanya mazoezi kwenye uwanja wa murram, yaani udongo wenye kokoto, wa shule moja. Mpira wa magongo ni mgumu kama jiwe, na unapogonga kokoto huruka ghafla hadi usawa wa goti au wa uso. Kijana anayejifunza kwenye murram hujifunza kwanza kujikinga, kisha kucheza. Ukimpeleka City Park siku ya mechi, utaona akiusimamisha mpira kwa gongo lililoinuliwa kidogo, akisubiri uruke, na mpira hauruki. Unapita chini ya gongo na kutoka nje. Watazamaji hucheka. Mimi najua kwamba ameletwa na uwanja mmoja akacheze kwenye mwingine, na kwamba itamchukua robo nzima kuishawishi mikono yake.

Robo moja ni dakika 15. Wenzetu huwa wamekwisha kutufunga.

Msimu tuliokuwa juu

Tulikuwa na msimu mmoja mzuri sana katika Ligi Kuu, na karibu uzuri wake wote ulitokana na kona fupi.

Anayeutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza huona kona fupi kama fujo. Kwa kweli ni kazi ya watu watatu wanaoaminiana. Mmoja huusukuma mpira kutoka mstari wa mwisho wa uwanja, pembeni mwa lango. Wa pili huusimamisha nje kidogo ya nusu duara. Wa tatu huupiga mara unaporudishwa ndani, huku walinzi watano tu, kipa akiwemo, wakitoka mbio golini kuja kumziba. Akiupiga kwa nguvu kwa shuti la kwanza, hauruhusiwi kuvuka mstari wa goli ukiwa juu ya ubao wa nyuma ya lango, wenye kimo cha sentimita 46. Lakini akiukokota kwa gongo na kuurusha, waweza kwenda kimo chochote. Ndiyo maana mrushaji mzuri ana thamani kubwa kuliko mshambuliaji mzuri.

Sisi tulikuwa na mrushaji mzuri. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, aliyekuja kwetu akiwa bado shuleni. Alikuwa na desturi ya kupiga hatua mbili ndefu, ya tatu ikivukana nyuma, na kuinama hadi goti la kushoto likaribie kugusa ardhi, mpira ukiwa umekaa juu ya shina la gongo kwa muda ambao ulionekana mrefu kupita kiasi. Kisha ukasikia ubao.

Sauti ya mpira ukigonga ubao ni sauti ambayo shabiki wa magongo huitambua hata akiwa nje ya ukuta, na msimu ule tuliisikia mara nyingi. Watu wakaongezeka majukwaani. Walikuja wazazi, wafanyakazi wenza wa wachezaji, majirani, hata watu ambao hawakujua kwamba bao halihesabiwi mpira ukipigwa kutoka nje ya nusu duara. Tulipiga makofi kiasi cha kuwatoa tumbili wa msitu wa City Park juu ya ukuta. Mtu mmoja alileta ngoma.

Msimu ule niliamini kwamba nimepata jibu la swali la kwa nini mtu hushabikia timu. Sikuwa hata na swali.

Walivyoondoka

Msimu ulipokwisha, mrushaji wetu alichukuliwa na timu ya kikosi kimoja cha usalama. Anayeyajua magongo ya Kenya hahitaji kuelezwa maana yake: ajira, mshahara wa kila mwezi, nyumba, na pensheni mbele ya safari. Kipa wetu alipata nafasi ya masomo katika chuo kikuu kilicho na timu. Mwenye duka aliyekuwa akitulipia ada za ligi na nauli za kwenda kucheza Kisumu akasema biashara imekuwa ngumu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetusaliti. Kijana mwenye mama anayemtegemea mashambani hawezi kukataa kazi ya serikali kwa ajili ya klabu isiyoweza kumnunulia hata gongo.

Nilijua hivyo, na bado niliumia.

Msimu uliofuata tulishuka daraja. Haikuwa kwa bahati mbaya, wala kwa makosa ya waamuzi. Tulifungwa kwa sababu tulikuwa dhaifu, na kuanzia katikati ya msimu kila aliyekuja uwanjani alilijua hilo. Ngoma haikuonekana tena. Waliokuwa wakiniuliza saa ya mechi walianza kuniuliza kama bado naenda, kwa sauti ambayo watu humuulizia nayo mgonjwa.

Dada yangu, ambaye hupenda mambo yanyooke, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. "Kaka, kama uliwapenda wale wachezaji, si uwafuate huko walikokwenda? Na kama hukuwapenda wao, ulikuwa unampenda nani?"

Nilifikiri kwa dhati kufanya hivyo. Sheria gani inakataza? Mrushaji bado ni yule yule, hatua zake zile zile, City Park ile ile. Kwa mechi kadhaa nilikaa hadi timu yake mpya ilipoingia uwanjani, nikamtazama akifanya kazi aliyoifanya kwetu. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini bao lilipoingia sikuinuka. Mwili wangu ulikuwa umekwisha kuamua jambo ambalo akili ilikuwa bado inalijadili.

Kisha ikaja mechi ya kirafiki ya kabla ya msimu kati yetu na timu yake. Walipata kona fupi mapema. Akapiga zile hatua mbili ndefu, akainama, na mpira ukaenda juu kushoto, mahali ambapo kipa wetu mpya hakuwa na namna ya kufika. Hakushangilia. Mechi ilipokwisha alivuka uwanja, akamwendea kocha wetu na kumpa mkono kwa mikono miwili.

"Kocha, samahani."

"Samahani ya nini? Umeinama vizuri. Zamani ulikuwa unainuka mapema."

Nilikuwa nimesimama karibu, nikakitazama kile kizee chetu cha kocha kwa makini. Hakuwa akijikaza. Alikuwa na furaha. Kwa muda wote mimi nilikuwa nikihesabu kijana yule kama hasara, kumbe mwenzangu alikuwa akilitazama bao lile kama fundi anavyoukagua mlango wake kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Jina na jezi

Maneno ya mzee wa City Park yalipoanza kunisumbua, nilijaribu kwanza kuyapinga kwa njia rahisi. Nilisema timu si watu; timu ni jina na rangi.

Lakini magongo yetu wenyewe yanakanusha hilo. Wanawake wa Telkom walitawala ligi ya Kenya kwa miaka mingi na kutwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara kadhaa, na wengi wa Wakenya wenzangu hawakujua hata kwamba tuna mabingwa wa bara. Jina la mdhamini lilikuwa ndilo jina la timu. Mdhamini alipoondoka, jina likaenda naye, na timu ikaendelea kucheza kwa jina la Blazers. Aliyekuwa akiishabikia kwa sababu ya jina alibaki mikono mitupu. Aliyekuwa akiishabikia kwa sababu nyingine alikuja uwanjani kama kawaida, akajifunza jina jipya.

Basi kama jina huondoka na timu ikabaki, na kama wachezaji huondoka na timu ikabaki, hicho kinachobaki ni nini hasa? Nilijilazimisha kutojibu kwa maneno makubwa. Nilienda mazoezini jioni, wakati wa mapumziko ya msimu, nikakaa pembeni mwa murram na kutazama tu.

Nitataja niliyoyaona. Soksi za kipa, zile kinga nene za miguu, ni zile zile alizozivaa kipa wa msimu mzuri, naye alizirithi kwa mwingine. Sponji imetoka kwenye mshono wa ndani na kushonwa upya na fundi viatu kwa uzi wa nailoni. Barakoa za kujikinga uso wakati wa kona fupi ni chache kuliko walinzi, kwa hiyo anayekimbia mbele ndiye huvaa kwanza. Ishara ya kona fupi ni ile iliyotumika tangu kabla ya wachezaji wa sasa kuzaliwa: msimamishaji akigusa kifundo cha mguu wa kulia, mpira unarushwa, akigusa kofia au kichwa, unapigwa pasi ya pembeni. Wapinzani wote wanaijua. Kocha amekataa kuibadilisha, akisema kwamba ukiinama vizuri haidhuru wakijua.

Na Jumamosi moja alikuja mchezaji wa zamani, mtu mzima mwenye kitambi na watoto, akakaa na vijana wawili akiwaonyesha namna ya kunyang'anya mpira kwa upande wa kushoto. Katika mchezo huu hakuna gongo la mkono wa kushoto. Upande bapa unaoruhusiwa kupigia ni mmoja tu, kwa hiyo anayeshambuliwa kushoto kwake lazima aligeuze gongo, ncha ielekee chini, na kuuzuia mpira kwa eneo dogo sana. Aliwaonyesha mara nyingi, polepole, bila mpira, kisha kwa mpira. Hakuna aliyempigia makofi. Hakuna ajuaye kama vijana wale watabaki kwetu au watachukuliwa.

Nilimuuliza kocha yeye alifundishwa na nani kulishika gongo namna ile. Alimtaja mwalimu wake wa shule ya upili, marehemu sasa. Na mwalimu yule? Alifundishwa na Mhindi mmoja wa Pangani, akasema, miaka ya sitini, kabla familia ile haijahamia Uingereza.

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kumwambia mzee. Kusema kwamba hii ni yetu na ile ilikuwa yake si kweli, au ni kweli nusu tu. Walioondoka waliacha mkono wao kwenye mikono ya watu. Kijana wa Kayole anayeligeuza gongo leo kwenye murram analigeuza kwa namna iliyopita Pangani, na huenda iliyopita Punjab kabla ya hapo, ingawa yeye hajui na hana haja ya kujua. Aliyekuja kuona watu wake hawaoni. Aliyekuja kuona kazi yao anaiona kila Jumamosi.

Nami nadhani mzee anaiona. Mtu ambaye timu yake iliisha mwaka 1972 hana sababu ya kupanda ngazi za City Park kutazama klabu ya daraja la pili hadi robo ya tatu.

Kuuliza

Si kila anayebaki anabaki kwa namna nzuri. Kuna uaminifu unaokuwa kifuniko. Katika mkutano wa wanachama tuliofanya baada ya kushuka daraja, niliuliza kwa nini ada ya ligi ilichelewa kulipwa ilhali wanachama walikuwa wametoa michango yao, na mtu mmoja akasema kwamba mshabiki wa kweli haulizi maswali wakati timu imeumia.

Sikubaliani naye hata kidogo. Wakati timu imeumia ndio wakati wa kuuliza, kwa sababu wakati wa ushindi hakuna anayesikia. Kitabu cha hesabu kililetwa mkutano uliofuata, kikasomwa, na mambo mawili yakarekebishwa. Aliyenikaripia alikuwepo, na bado hukaa karibu nami uwanjani.

Saa tatu asubuhi

Timu za daraja letu hupewa saa ambazo hakuna anayezitaka. Mechi zetu nyingi huanza asubuhi, uwanja ukiwa haujapata joto, na majukwaani utakuta wachezaji wa mechi inayofuata, mzazi mmoja au wawili, na sisi wachache tusiokoma. Hakuna anayerekodi. Matokeo huandikwa kwenye karatasi ya mwamuzi na kutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp.

Sina uhakika kwamba tutapanda tena. Nilizoea kusema "tutarudi", kama watu wasemavyo msibani, na nimeacha. Huenda tukabaki hapa miaka mingi. Huenda, tukipanda, tukachukuliwa tena wachezaji wote bora kabla ya msimu kuanza, na nisione kosa la mtu. Klabu kama yetu itaendelea kufundisha vijana kwa ajili ya timu zenye mishahara mpaka siku ambapo vilabu vya mitaa vitalipwa kitu kwa kila mchezaji vinayemlea, jambo ambalo naliona kuwa haki na nitaendelea kulisema katika kila mkutano nitakaoalikwa.

Kwa sasa tatizo letu ni la karibu zaidi. Tangu mrushaji wetu aondoke, kona zetu fupi tunazipiga kwa shuti la chini, na makipa wote wa daraja hili wamekwisha kulizoea. Kuna mvulana wa kidato cha nne ambaye kocha amekuwa akibaki naye baada ya mazoezi. Hatua zake ni nzuri, lakini anainuka mapema, kabla mpira haujatoka kwenye gongo, na unaenda nje upande wa kulia. Tena gongo analotumia limenyooka mno. Kwa kurusha anahitaji lenye upinde ulioshuka karibu na kichwa cha gongo, na magongo ya namna hiyo huagizwa kutoka nje kwa bei ambayo familia yake haiwezi. Tumeanza kuchanga kwa M-Pesa. Tumefika kama nusu, na mechi ya kwanza ya mzunguko wa pili ni dhidi ya timu inayoongoza daraja letu, ambayo huwapa wapinzani kona fupi nyingi kwa sababu mabeki wake hupenda kuuzuia mpira kwa miguu, jambo ambalo ni kosa. Gongo likipatikana kabla ya siku hiyo, kocha amesema atamwanzisha.